Hukumu ya Mahakama na Nidhamu ya Askari Mpakani

Msomaji, ukipata kusimama asubuhi kando ya daraja la Malaba utaona malori yamefuatana kama siafu, yakingoja karatasi zitazamwe kabla ya kuvuka mto kuingia Uganda. Mengi yametoka Mombasa, na mengine hayatapumzika mpaka yafike Kigali au Kongo. Upande wa kusini, mjini Busia, mpaka haufuati maji bali hupita kati ya maduka, na mgeni aweza kuuvuka bila kujua, kama hakuna wa kumzuia. Wenyeji hawaoni ajabu. Wateso wako pande zote mbili, na Wasamia hali kadhalika. Mtu aweza kuwa raia wa Kenya na shangazi yake akawa raia wa Uganda, na bado wakazikana na kuozana.

Mpaka huu haukuwekwa na babu zao. Tarehe 1 Aprili 1902 Serikali ya Kiingereza iliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda ikautia katika Himaya ya Afrika ya Mashariki, nchi iliyokuja kuitwa Kenya mwaka 1920. Sababu moja ilikuwa kuiweka reli yote, toka Mombasa hadi Kisumu, chini ya utawala mmoja. Mwaka 1926 amri nyingine ikaueleza mpaka kwa majina ya mito, Sio na Malaba ikiwamo. Palipo na mstari hapakosi mlinzi wa mstari, na ndivyo askari alivyopata kazi kubwa katika nchi hii.

Katika njia za bara askari humwuliza mpita njia maneno machache. Mpakani yeye na watu wa forodha wana haki ya kumwuliza mtu ni nani, atoka wapi, amechukua nini kikapuni, na ushuru wake ameulipa wapi. Maswali hayo si ya bure. Katika miaka ya 1970 kahawa ya Uganda iliingia Kenya kwa magendo, magunia kwa magunia. Na Desemba 1987 risasi zilipigwa Busia toka upande hadi upande, watu wakafa, mpaka ukafungwa. Mlinzi anahitajiwa. Lakini mtu mwenye haki ya kufungua kila kikapu huwa karibu sana na vilivyomo ndani ya kikapu, na mwenye ufunguo wa mahabusu huwa karibu sana na kuutumia.

Tuseme basi, kwa mfano tu, kwamba mwanamke mmoja anavusha trei za mayai kwa njia ya panya ili kuokoa shilingi chache. Amekosa, hapana shaka. Askari wanamkamata, nayo ni haki yao. Lakini wanampiga, wanamweka ndani siku nne bila kumfikisha kwa hakimu, na mayai yake hayaonekani tena. Mwanamke huyo ni shujaa: anatafuta wakili, anadai mahakamani, anashinda. Jaji anaamuru alipwe fidia. Sasa nakuuliza, msomaji, yule askari aliyempiga yuko wapi siku hiyo? Je, ameitwa na mkubwa wake? Au yuko pale pale njiani, anafungua vikapu vya wengine? Swali hilo lina historia ndefu, na nataka tuifuate.

Katika sheria ya kale ya Uingereza, ambayo ndiyo mama wa sheria ya Kenya, jibu lilikuwa jepesi: aliyekosa alilipa mwenyewe. Mwaka 1763 mfanyakazi mmoja wa kiwanda cha chapa mjini London alikamatwa na wajumbe wa Mfalme kwa hati isiyotaja jina lake. Walimzuia kwa muda wa saa sita hivi, tena wakamtunza vizuri kwa nyama na bia. Hata hivyo wazee wa baraza la mahakama walimpa fidia ya pauni 300, fedha nyingi mno kwa mtu aliyepata ginii moja kwa juma, na majaji wakakataa kuipunguza, kwa kuwa waliona kwamba kosa halikuwa katika ugumu wa chakula bali katika kukamatwa kwenyewe. Mdaiwa alikuwa mjumbe aliyemkamata. Mfalme mwenyewe hakuweza kudaiwa, maana sheria ilishikilia kwamba Mfalme hakosi. Hata mwaka 1930 mahakama ya huko iliamua kwamba konstebo aliyemkamata mtu kimakosa ndiye wa kudaiwa, si halmashauri ya mji wake.

Utaratibu huo ulimtia askari hofu, lakini ulikuwa na ila kubwa: konstebo ni maskini. Kumshinda mtu asiye na kitu ni kushinda karatasi. Kwa hiyo mwaka 1947 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuiwezesha Serikali idaiwe kwa makosa ya watumishi wake, na mwaka 1956 sheria ya namna hiyo ikawekwa Kenya. Tangu hapo mwenye kudhulumiwa na askari wa Serikali humdai Mwanasheria Mkuu, naye Mwanasheria Mkuu huzungumza kwa niaba ya Hazina.

Ulikuwa wema mkubwa, wala sitaki uupuuze. Lakini angalia kilichotokea kimyakimya. Fedha na lawama, ambazo zamani zilikaa katika mfuko mmoja, zilitenganishwa. Fedha zilikwenda kwa Serikali. Lawama haikuelezwa iende wapi.

Waingereza wenyewe waliligundua jambo hili haraka. Mwishoni mwa mwaka 1958 konstebo mmoja wa London alisimamisha gari la mwigizaji maarufu kwa mwendo wa kasi. Mtumishi mmoja wa Serikali aliyekuwa akipita akaingilia, maneno yakazidi, na baadaye akamdai konstebo yule kwa kumpiga na kumzuia bila haki. Kesi haikufika mwisho. Mkuu wa polisi wa London alimlipa mdai pauni 300 nje ya mahakama, bila ya kukiri kosa lolote, na konstebo hakushitakiwa kwa nidhamu. (Pauni 300 tena! Lakini pauni ya 1959 ilikuwa nyepesi sana kuliko ile ya 1763.) Novemba 1959 wabunge waliuliza swali ambalo mtoto wa shule angeliuliza: ikiwa askari hakukosa, mbona fedha za watu zimelipwa? Na ikiwa amekosa, mbona hakuadhibiwa?

Serikali haikuwa na jibu la kuwaridhisha. Mwaka 1960 tume ya kifalme ikaundwa kuchunguza mambo yote ya polisi, ikatoa taarifa yake mwaka 1962, na sheria mpya ikapita mwaka 1964. Kwa sheria hiyo mkuu wa polisi wa kila wilaya alifanywa mdaiwa kwa makosa ya askari wake, na pia akalazimishwa kuliandika na kulichunguza kila lalamiko la raia. Yaani fedha na lawama zilirudishwa mezani kwa mtu mmoja. Uchunguzi wenyewe ulibaki mikononi mwa polisi, na wengi walilalamika kwa sababu hiyo. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

Kenya ya miaka ile ile ilikuwa katika Hali ya Hatari. Mwaka 1954 aliletwa Kanali Arthur Young awe Kamishna wa Polisi. Alitaka askari wake wachunguze mauaji na mateso yaliyofanywa na watu wa upande wa Serikali, akaona anazuiwa, na kabla ya mwaka kwisha akajiuzulu. Barua yake ya kujiuzulu haikutangazwa. Waliopigwa makambini walizeeka wakingoja. Nitawarudia mbele kidogo.

Uhuru ulipofika, Katiba ilisema kwamba mtu aliyekamatwa kinyume cha sheria ana haki ya kulipwa fidia na yule aliyemkamata. Maneno yalikuwa mazuri, tena yalimlenga mtu mwenyewe. Lakini haki iliyoandikwa yahitaji majaji wasio na hofu, na kwa miaka mingi hofu ilikuwa nyingi. Watu waliofungiwa katika vyumba vya chini vya jengo la Nyayo House, Nairobi, hasa katika miaka ya 1980, wakalazwa majini na kupigwa, hawakupata hukumu yao wakati ule. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliwapa fidia watu 21 miongoni mwao. Walioingia vijana walitoka mahakamani wana mvi, na mlipaji alikuwa Serikali, yaani wewe na mimi na mwuza mayai wa Busia.

Kabla ya hapo nchi ilikuwa imepatwa na msiba. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu 1,133 walikufa, na Tume ya Jaji Waki ikaeleza mwaka 2008 kwamba 405 kati yao waliuawa kwa risasi. Mwaka 2009 Jaji mstaafu Ransley aliongoza kikosi kilichoandika mapendekezo ya kuwageuza polisi. Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010 na sheria za mwaka 2011 zikaleta vyombo vipya: Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi, yenye madaraka ya nidhamu na ya kumwondoa askari kazini, Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, ambayo raia wengi huiita IPOA, ya kuchunguza malalamiko, na kitengo cha ndani cha polisi chenyewe. Karatasi zilikuwa kamili. Ilibaki kuona kama zitafika mpakani.

Hapa, msomaji, nakuomba uzitazame siku 30 za mwaka 2013.

Tarehe 27 Mei Mahakama Kuu ya Meru ilitoa hukumu katika dai la wasichana wadogo waliokuwa wamenajisiwa, pamoja na shirika lililokuwa likiwatunza. Hawakuwadai waliowatenda ubaya. Waliwadai polisi, kwa sababu walikwenda vituoni na habari zao hazikuchunguzwa. Walishinda. Jaji alitamka kwamba askari anayekataa kuchunguza uovu kama huo anavunja haki za mtoto chini ya Katiba, akaamuru uchunguzi wa haraka ufanywe. Uzito wa hukumu ile haukuwa katika fedha. Ilisema kwamba uzembe wa kituoni ni kosa la polisi wenyewe, na iliwahusu polisi wa nchi nzima.

Tarehe 6 Juni, huko London, Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba itawalipa wazee 5,228 wa Kenya walioteswa wakati wa Hali ya Hatari. Jumla, pamoja na gharama za kesi, ilikuwa pauni milioni 19.9. Waziri alieleza masikitiko ya nchi yake, lakini akashikilia kwamba kisheria Serikali yake haikubali dhima. Fedha zimetoka, kosa halijakubaliwa: ni wimbo ule ule wa 1959, ila safari hii waliopiga wengi walikuwa makaburini, na hapakuwa na wa kuitwa mbele ya mkubwa wake.

Na tarehe 26 Juni, huko Tingolo, katika Butula, ndani ya Kaunti ya Busia, msichana wa miaka 16 aliyekuwa akirudi kutoka mazishi ya babu yake alivamiwa na kundi la vijana. Walimbaka, wakamtupa katika shimo la choo. Alinusurika, lakini kwa majeraha makubwa ya uti wa mgongo. Watuhumiwa waliletwa kwa polisi. Askari wakawaamuru wakate majani ya kituo, kisha wakawaachilia waende zao.

Siku 30 zilikuwa zimepita tangu hukumu ya Meru. Hatuwezi kusema kwamba sheria haikuwapo. Ilikuwapo, tena ilikuwa mpya, wino haujakauka. Iliwekwa katika majalada ya mahakama, ikasifiwa na mawakili, lakini haikufika Tingolo. Nani alikuwa na wajibu wa kuichukua kutoka Meru hadi kwa sajini wa kituo, akamwambia, tangu leo ukifanya hivi utajibu wewe mwenyewe? Mimi naona kwamba kosa lote la utaratibu wetu limo katika pengo hilo.

Habari ya majani yale haikutoka kwa mkaguzi wala kwa mkubwa wa polisi. Ilitoka gazetini. Gazeti la Daily Nation liliiandika Oktoba 2013, watu zaidi ya milioni moja wa nchi mbalimbali wakatia saini zao kudai haki, na tarehe 31 Oktoba waandamanaji wakazipeleka saini hizo makao makuu ya polisi, Nairobi. Aprili 2015 mahakama ya Busia iliwahukumu watu watatu kifungo cha miaka 15. Hukumu ile iliwahusu waliomshambulia msichana. Mashitaka yaliyokuwa mbele ya hakimu siku ile hayakuwa ya waliotoa mafyekeo.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini basi tusiseme tu kwamba kila askari ambaye kesi yake ya madai imeshinda afukuzwe kazi? Nami zamani niliona hivyo. Lakini hebu tumfikirie askari naye. Katika kesi ya madai mdaiwa ni Mwanasheria Mkuu. Askari aweza asiitwe hata kutoa ushahidi. Wakili wa Serikali aweza kuchelewa, au kukubali mapatano ili kupunguza gharama. Tena kipimo cha ushahidi si kimoja: katika jinai lazima kosa lithibitike pasipo shaka ya maana, ilhali katika madai yatosha mizani ielemee upande mmoja. Kumfukuza mtu kwa hukumu ambayo hakupata kusema neno ndani yake ni kuidhulumu haki kwa jina la haki. Katiba humlinda yeye pia.

Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba hukumu haimhusu kabisa ni mwendo mrefu. Jaji amesikia mashahidi, amesoma cheti cha daktari, amesema kwamba mwanamke alipigwa. Hayo hayatoshi kumwadhibu askari, lakini yatosha sana kumfungulia jalada. Hukumu ingepaswa kuwa mwanzo wa lazima wa uchunguzi wa nidhamu, bila kungoja mwanamke yule yule arudi tena kulalamika upya mahali pengine.

Mambo yalivyo, majalada ni matatu, na kila moja lina nyumba yake. La kesi liko kwa Mwanasheria Mkuu. La malipo liko wizarani. La askari, lenye sifa zake na makosa yake, liko kwa polisi. Aliyeshinda hawezi hata kumtuma dalali wa mahakama aliuze gari la polisi apate fedha zake, maana sheria ile ya 1956 imeikinga mali ya Serikali. Hupewa cheti, akapiga hodi wizarani, na asipojibiwa hurudi mahakamani kuomba katibu wa wizara aamriwe kulipa. Muda wote huo jalada la tatu limelala. IPOA huchunguza na kupendekeza, lakini haifukuzi mtu. Hukumu ya madai peke yake haimwondoi askari kazini.

Kwa watu wa mpakani njia hiyo huwa na miiba zaidi. Sheria humtaka mwenye kumdai mtumishi wa Serikali kwa madhara ya kawaida afungue kesi kabla ya miezi 12 kupita. Mwuza mayai anayeishi ng'ambo ya pili lazima avuke mpaka ule ule, mbele ya askari wale wale, kila kesi yake inapotajwa. Siku hizi Mahakama Kuu ina kituo chake mjini Busia, na hiyo ni nafuu kubwa.

Tena kuna hofu. Inasimuliwa kwamba neno bodaboda lilizaliwa Busia na Malaba katika miaka ya 1960, vijana wa baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria kutoka kituo cha Kenya hadi cha Uganda, wakiutaja mpaka kwa Kiingereza cha ulimi wa huku. Kazi hiyo imeenea nchi nzima, na mwendesha bodaboda ndiye raia anayekutana na askari mara nyingi kuliko wote. Mmoja wao, mbali na hapa, upande wa Machakos, alipigwa risasi na askari mwaka 2015, akapeleka lalamiko kwa IPOA. Tarehe 23 Juni 2016 alitoka mahakama ya Mavoko pamoja na wakili wake, Willie Kimani, na dereva wa teksi. Hawakufika nyumbani. Maiti zao zilitolewa mtoni. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani askari watatu na mpelelezi wao mmoja, na Februari 2023 askari aliyekuwa amelalamikiwa akahukumiwa kifo. Kati ya lalamiko la kwanza na mauaji, askari huyo alibaki na kazi yake.

Tarehe 24 Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpaka, Busia. Zamani msafiri alisimama mara mbili, upande huu na upande ule. Sasa husimama mara moja, maofisa wa nchi zote mbili wakiwa chini ya paa moja, na karatasi yake hutoka meza hii ikaenda meza ya pili bila yeye kuibeba. Ukiwa na lalamiko juu ya askari, utakwenda kituoni, na habari yako itaandikwa katika kitabu cha matukio. Usiondoke kabla ya kupewa nambari yake. Iandike mahali, uitunze pamoja na cheti cha daktari, maana hiyo karatasi itakubidi uibebe wewe mwenyewe, toka meza hadi meza.